Mkahawa wa Familia, Lakini Mtoto Ale Nini?

Hivi ni familia ya nani inayokusudiwa na baadhi ya mikahawa hii ya Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan nchini China, inayojitangaza kuwa rafiki kwa watoto, ilhali chungu cha mchuzi kinacholetwa mezani, ambamo walaji hujipikia wenyewe nyama na mboga, kimejaa mafuta mekundu, pilipili kavu na ile pilipili ya Sichuan inayotia ganzi ulimi hata wa mtu mzima? Chungu chenye kizuizi katikati, upande mmoja mchuzi mkali na upande wa pili mchuzi mweupe wa mifupa, kinajulikana China nzima. Kwa nini basi mzazi akiombe kana kwamba anaomba msamaha? Na hata kikiletwa, mhudumu huchota pande zote kwa upawa uleule, na mchuzi wa mtoto huwa mwekundu kabla viazi havijaiva. Tena chungu chenyewe kinatokota katikati ya meza, na kiti cha mtoto kimesogezwa pale pale, karibu na mikono inayotaka kushika kila kitu. Ni nani aliyepanga hivyo? Vijiti vilivyoshika nyama mbichi ndivyo vinavyomlisha mtoto, kwa sababu koleo la pili halipo! Wazazi wenzangu, tunapuliza, tunasuuza kila kipande cha nyama katika kikombe cha maji, tunalipa bei kamili, na mtoto anarudi nyumbani ameshiba wali mtupu.