Chombezo la Mizimu na Sayari za Mbali: Kuliandika, Kulihariri na Kulitangaza Uganda

Katika masimulizi ya Bunyoro-Kitara, ufalme wa kale wa magharibi mwa Uganda, Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alipotaka kumlipiza kisasi mfalme Isaza aliyemhadaa katika undugu wa kuchanjiana, hakutuma jeshi. Alimtuma binti yake Nyamata, ambaye alipendwa mara moja na Isaza, akashika mimba, kisha akarudi kwao baada ya kugundua kwamba moyo wa mumewe uko kwa ng'ombe kuliko kwake. Mtoto aliyezaliwa huko kuzimu, Isimbwa, ndiye aliyekuja baadaye kumwendea kwa siri Nyinamwiru, binti aliyefichwa na baba yake Bukuku, na kutokana na mapenzi hayo akazaliwa Ndahura wa Wachwezi, ukoo wa wafalme katika masimulizi hayo. Natangulia na masimulizi haya kwa sababu hoja inayotolewa haraka zaidi dhidi ya chombezo, yaani hadithi za mahaba ya wazi, zenye mizimu, majini au viumbe wa sayari nyingine ni kwamba zimeletwa kutoka nje. Hoja hiyo haina nguvu. Tamaa ya mwili na mambo ya ajabu yameishi pamoja katika simulizi zetu tangu kabla ya kalamu.

Kilichotoka nje ni utaratibu wa kuzichapisha na kuziuza kama tanzu inayojitegemea. Mwaka 1992 Cecilia Tan alianzisha Circlet Press huko Massachusetts, Marekani, kwa sababu hadithi za namna hii zilikuwa hazina kwao: wachapishaji wa bunilizi za kisayansi waliona zina ngono mno, na wale wa hadithi za ngono waliona zina sayansi mno. Mwandishi wa Kampala au wa Jinja anayeandika kwa Kiswahili leo anakutana na ukuta wa aina hiyo hiyo. Wasomaji wa chombezo mitandaoni wanataka mambo ya chumbani yafike upesi, na wapenzi wa hadithi za ajabu wanaona chumba cha kulala kinawachelewesha.

Wanaopinga wana hoja nyingine nzito zaidi, nayo haistahili kupuuzwa. Wanasema ulimwengu wa kubuni ni maficho. Jambo ambalo mwandishi asingethubutu kuliandika kuhusu mwanamume na mwanamke wa Ntinda jijini Kampala, yaani kumlazimisha mtu, kumlevya, au kumtamani mtoto, huandikwa bila haya pindi mhusika anapovishwa pembe au mkia. Mzimu humpanda mwanamke, akili ikamtoka, akaridhia kila kitu, na mwandishi akaita hayo mapenzi. Au analetwa kiumbe mwenye umri wa miaka mia tatu lakini sura, sauti na tabia zake ni za msichana wa shule ya msingi. Nimesoma miswada ya namna zote mbili, na ninakubaliana na wapinzani kwamba si bahati mbaya: tanzu hii inatoa kisingizio, na wapo wanaoipenda kwa ajili ya kisingizio hicho.

Upande wa pili una hoja ambayo kwangu ina uzito mkubwa zaidi. Uganda haijawahi kuwa nchi isiyozungumza mambo ya mwili. Miongoni mwa Baganda, ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba, ndiye aliyemfunza msichana mambo ya ndoa, kama makungwi wanavyofanya katika unyago wa pwani. Sylvia Tamale, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Makerere, alionyesha katika makala yake ya mwaka 2005 kwamba taasisi hiyo ina sura mbili: inamfinyanga mwanamke amtumikie mume, na papo hapo inampa maarifa na nafasi ya kuumiliki mwili wake. Hadithi ya kubuni inaweza kuikuza sura hiyo ya pili kwa namna ambayo somo la ndoa haliwezi. Mwandishi akitunga kijiji ambacho mahari haijulikani, au sayari ambayo mchumba hawezi kuguswa mpaka aseme jina la kile anachokitaka, msomaji analazimika kujiuliza ni kipi katika mahaba yake ni hamu yake mwenyewe na ni kipi ni desturi aliyoikuta. Riwaya ya maisha ya kawaida huweza kuuliza hayo, lakini kila msomaji tayari ana jibu la kanisani, la msikitini au la ukoo. Katika nchi isiyokuwapo hana jibu la tayari.

Kwa hiyo ubishi wa kweli, kwa maoni yangu, uko mezani kwa mhariri. Mhariri wa hadithi hizi anapaswa kuuliza maswali mawili katika kila tukio la mahaba. Je, tukio hili likifutwa, hadithi inabadilika? Na je, ajabu likifutwa, tukio linabadilika? Nyamata anapita katika maswali yote mawili: bila mapenzi yake na Isaza hakuna Isimbwa wala Ndahura, na bila kuzimu yeye ni mke aliyerudi kwao tu. Miswada mingi inashindwa swali la pili. Jini lililomo humo lingeweza kuwa dereva wa boda na hakuna sentensi ambayo ingehitaji kuguswa.

Swali la ridhaa linahitaji muda zaidi. Chukua mfano wa kutunga. Mwanamke mvuvi wa visiwa vya Ssese anakutana usiku na mzimu wa ziwa, na mwandishi anaandika: «Alipoguswa, nguvu zote zilimtoka, hakuweza tena kukataa.» Mwandishi anaamini sentensi hiyo ina joto. Mimi naona imemwondoa mvuvi ndani ya hadithi yake mwenyewe, kwa kuwa tangu hapo hakuna anachotaka wala anachoamua. Mhariri anaweza kupendekeza kwamba mzimu usiweze kutoka majini ila kwa umbo ambalo mvuvi amelitaja kwa mdomo wake. Ndipo sentensi inakuwa: «Alikaa kimya hadi mtumbwi ukaacha kuyumba, kisha akataja mabega, akataja mikono, na maji yakaanza kutii.» Hakuna kilichopunguzwa katika mahaba, bali kimeongezeka, kwa sababu sasa tunajua anachokitamani, na ajabu la ziwa limepata kazi ya kufanya.

Wapo waandishi, wanawake kwa wanaume, watakaojibu kwamba hata ndoto ya kuzidiwa nguvu ni ndoto halali ya mtu mzima, na kwamba msomaji anajua ni hadithi. Ninakubali kwa sharti moja: maandishi yenyewe yaonyeshe kwamba yanajua kilichotendeka, yasiite kutekwa kuwa ni kupendwa. Kuhusu kiumbe mwenye sura na tabia ya mtoto sioni pande mbili za kupima. Mhariri aufute ukurasa huo, na mwandishi akikataa, aurudishe mswada.

Lugha nayo ni kazi. Waganda wengi walikipata Kiswahili katika kambi za jeshi, polisi, sokoni au mpakani Busia na Malaba, na kutoka huko maneno ya mwilini huja yakiwa na ukali wa matusi. Wengine wanakimbilia maneno ya kitabu cha baiolojia. Mhariri mwenye sikio atamrudisha mwandishi kwenye mafumbo ya taarabu na ya unyago, ambayo yanasema yote bila kutaja.

Kisheria mambo hayajatulia. Sheria ya mwaka 2014 dhidi ya ponografia, iliyoweka kifungo cha hadi miaka 10, ilibatilishwa katika vifungu vyake vikuu na Mahakama ya Katiba mnamo Agosti 2021, kikiwamo kifungu kilichoeleza maana ya ponografia. Hata hivyo, Kanuni ya Adhabu bado inakataza biashara ya machapisho machafu, na sheria ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga inatishia kifungo cha hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kuendeleza ushoga, kuchapisha kukiwamo, jambo linalomgusa hata anayeandika viumbe wanaobadili jinsia. Stella Nyanzi, msomi na mwanaharakati, alihukumiwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi la kisiasa lililotumia lugha ya viungo vya uzazi, kabla ya Mahakama Kuu kumwachia Februari 2020. Mwandishi asiyeyajua haya anaandika gizani.

Zaidi ya sheria kuna wenye njia za malipo. Februari 2012 PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, iliitaka Smashwords, duka la vitabu vya kielektroniki, iondoe vitabu vya ngono vya aina fulani, kukiwamo kujamiiana na wanyama, na mara waandishi wa viumbe wanaogeuka mbwamwitu wakajikuta mashakani, hadi PayPal ilipolegeza msimamo mwezi uliofuata. Julai 2025 itch.io, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta na vitabu, nalo liliziondoa kazi za watu wazima katika utafutaji wake kwa shinikizo la kampuni za malipo. Anayetegemea maduka hayo peke yake anaweza kuamka akakuta kitabu chake hakionekani.

Kutangaza ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi, na hapa ninaegemea upande wa wapinzani. Nchini kwetu hadithi ya ajabu huchukuliwa kuwa ni ya watoto: sungura, fisi, zimwi. Kiswahili kwa upande wake kinasukumwa shuleni, hasa tangu Baraza la Mawaziri liliporidhia mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima. Faili la Kiswahili lenye nguva jaladani, likirushwa katika kundi la WhatsApp la ukoo, litafunguliwa kwanza na mtoto anayetafuta cha kusoma kwa ajili ya mtihani. Kwa hiyo jalada liseme wazi kwamba ni hadithi ya wenye miaka 18 na zaidi, na ukurasa wa kwanza utaje yaliyomo bila kuyapamba. Kipande cha kuonjesha kisitolewe katika matukio ya chumbani.

Wala kisigawiwe bure. Waandishi wengi hugawa sura za mwanzo ili kuvuta wasomaji, lakini bei, hata iwe shilingi elfu mbili, ni kizuizi cha umri kilicho bora kuliko swali la «je, una miaka 18?», kwa kuwa akaunti ya pesa ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Kizuizi hiki kinavuja, maana watoto hushika simu za wazazi, na kina gharama yake: jina la anayelipa humtokea muuzaji. Mwanamke wa Mbale aliyenunua hadithi ya mzimu wa ziwa amemkabidhi mtu asiyemjua siri ambayo huenda hata mumewe haijui. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inayahesabu maisha ya kimapenzi kuwa miongoni mwa taarifa za kulindwa kwa namna ya pekee, na muuzaji wa hadithi hizi anapaswa kuisoma kabla ya kuuza nakala ya kwanza, aamue ni nani atakayeishika simu ya mauzo, na awe anafuta majina kila faili linapomfikia mnunuzi.