Kinundu Kisichouma

Mama yangu mdogo anauza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Miaka mitatu iliyopita, jioni moja akijifunga kanga baada ya kuoga, kidole kikapita juu ya kitu kigumu pembeni ya titi la kushoto, kuelekea kwapani. Baadaye alinieleza kilivyokuwa: "Kama mise, mwanangu. Unaisukuma, haiendi." Mtu wa Kigoma hahitaji maelezo zaidi, wote tumeshika mise, zile kokwa ngumu za chikichi. Akakibonyeza tena. Hakikuuma. Akalala.

Alilala nacho miezi saba.

Nimesikia watu wakimwita mzembe, na mimi nakataa. Huyu ni mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi mitumbwi, na huku kwetu ugonjwa unapimwa kwa maumivu. Jino likiuma tunang'oa, mgongo ukiuma tunalala. Kisichouma kinasubiri zamu, nyuma ya sare za shule na mkopo wa kikoba. Saratani ya matiti mara nyingi huanza bila maumivu yoyote, ndiyo maana inatuweza.

Kila Oktoba tunavaa fulana za waridi. Kuna matembezi, kuna ngoma, kuna mgeni rasmi na hotuba inayoishia kwenye "jichunguzeni mapema". Sina ugomvi na fulana (ninayo, napigia deki). Tatizo ni kwamba kazi yote anaachiwa mwanamke, na kisha tunapiga makofi na kutawanyika. Kule Shanghai walifuatiliwa wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo, nusu yao wakafundishwa kujichunguza matiti. Matokeo yalipotolewa mwaka 2002, vifo havikuwa vimepungua kwa waliofundishwa. Sisemi mtu asiujue mwili wake. Mama mdogo asingejigusa jioni ile, pengine tungeshamsomea hitma. Ila kujigusa ni mlango tu, na ndani lazima kuwe na mtu wa kukupokea.

Yeye alipogonga huo mlango, zahanati ya kwanza ilimwandikia vidonge vya kutuliza maumivu. Ya kitu kisichouma! Hakuna aliyemshika. Mara ya pili akaambiwa ni mambo ya umri. Mara ya tatu akakutana na muuguzi mmoja, binti mdogo kabisa, aliyevuta pazia, akamwambia anyanyue mikono yote juu ya kichwa, akatazama kwanza kama ngozi imevutwa au imekuwa kama ganda la chungwa, kama chuchu imeingia ndani. Ndipo akaanza kubonyeza kwa vidole vitatu, akizunguka taratibu hadi kwapani. Dakika tano, labda sita. Barua ya rufaa ikaandikwa siku hiyohiyo.

Hizo dakika ndizo ninazozidai. Mumbai walijaribu jambo hilihili kwa wanawake zaidi ya 150,000, kwa miaka 20. Waliowapima hawakuwa madaktari, ni wahudumu wa afya wanawake waliofundishwa kushika vizuri. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba uvimbe ulikuwa unagunduliwa mapema zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Mkono tu! Mashine ya mamografia, ile ya kupiga picha matiti, ni nzuri palipo nayo, lakini mama wa kijiji cha mwambao wa ziwa asiambiwe aisubiri.

Baada ya rufaa ndipo majirani walipoanza. "Wakikichokoa na sindano ndio wamekiamsha." Kukatwa kinyama cha kupima hakuamshi kitu, na vinundu vingi hata si saratani, lakini bila kipimo hicho hakuna anayejua. Naelewa hofu hiyo ilikotoka, maana wagonjwa wetu wengi hufika titi limeshafunguka kidonda, wanapasuliwa, wanafariki, na sisi tunakilaumu kisu.

Shirika la Afya Duniani linataka zisipite siku 60 tangu mgonjwa afike hadi ugonjwa ujulikane. Kwa Kigoma hesabu hiyo ina nauli ndani yake. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni safari ya basi. Ocean Road, hospitali ya saratani, iko Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na ukifika unatafuta ndugu wa kukulaza. Mama mdogo aliuza mtumbwi wa marehemu mumewe.

Kwa hiyo pendekezo langu halina mgeni rasmi. Kila mwanamke anayefika zahanati, awe amekuja kwa malaria au ameleta mtoto kupimwa uzito, aulizwe na ashikwe, kama tunavyopimwa presha bila kuomba. Na wasichaguliwe wazee tu, huku Afrika wengi huugua kabla ya miaka 50.

Mama mdogo amerudi Kibirizi. Upande wa kushoto wa sidiria anajaza leso iliyokunjwa. Juzi nilikuwa naye tunageuza dagaa, mwenzake mmoja akamvuta nyuma ya vichanja, akauchukua mkono wake bila kusema neno na kuuweka kwapani mwake. Wakanyamaza kidogo. Kisha mama mdogo akamwambia ajifunge kanga vizuri, waondoke sasa hivi kabla yule binti hajatoka zamu. Mimi nikaachiwa dagaa na kunguru.