GPS ya mkononi sio ya wazungu wa Serengeti tu

Huku Mwanza ukimtajia mtu kifaa cha GPS, kile cha kukuonyesha ulipo, anamuwaza mzungu mwenye kofia ndani ya Land Cruiser, halafu anakujibu "si nina simu bwana". Sawa, unayo. Sasa panda boti ya injini pale Kirumba uelekee kisiwa cha Ukara au vile visiwa vidogo vya Ziwa Victoria ambako mtandao unakuja na kuondoka, afu uniambie bando lako litakusaidia nini.

Yaani wengi hawajui GPS haili bando hata kidogo. Kifaa kinasikiliza tu setilaiti ziko juu huko kama kilomita 20,200, kikizipata nne kinapiga hesabu kinajua kilipo, basi, hudaiwi na mtu. Mfumo ni wa Wamarekani, na zamani sisi raia wa kawaida walikuwa wanatuchafulia vipimo makusudi, wakaja kuacha Mei 2000. Kabla ya hapo kukosea mita 100 ilikuwa kawaida, na mita 100 ziwani usiku ndo nyavu zishapotea hizo.

Simu nayo ina GPS ndani, sikatai, na ukishusha ramani mapema ukiwa na mtandao inafanya kazi vizuri tu. Ila simu nyingi zikilowa zimekufa, na chaji ikiisha katikati ya maji utaichomeka wapi? Hivi vya mkononi vingi vinahimili maji na vipo vinavyotumia betri ndogo za kawaida, zile za redio, unabeba za akiba mfukoni.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kwamba kinakumbuka njia uliyopita. Ramani itakuchorea mstari umenyooka hadi mwaloni, pale boti zinapofikia, lakini mwamba uliojificha chini ya maji mara nyingi haumo, na ziwa letu hili unalijua lilivyo na mawe. Sasa kama mchana ulipita sehemu salama, usiku au mvua imefunga vilima vyote huvioni, unafuata ule ule mstari wako kurudi. Mvuvi wa sangara vilevile anaweka alama pale alipotega, alfajiri hazunguki anachoma petroli kutafuta dumu linaloelea juu ya nyavu zake.

Mjini sasa, mmh, hapo sibishani na mtu. Panda vile vilima vya Mabatini, kifaa kinakwambia umebakiza mita 30 kumbe mbele yako kuna jiwe kubwa kuliko nyumba, njia yenyewe ni ngazi za kuzunguka kwa nyuma ya choo cha mtu. Pale muulize boda.

Kwahiyo kwa mtu wa daladala za Buhongwa siwezi kukushauri utoe hela yako. Mwenye boti ndo namsema, na yeye kama hela inatosha kitu kimoja tu aanze na majaketi okozi, GPS itafuata.