Mateso ya bweni si malezi

Kila Januari makundi ya WhatsApp ya Wakenya tunaoishi Minnesota, Marekani, hujaa picha za watoto wa ndugu zetu wanaokwenda kuanza shule ya upili: sare mpya, sanduku la bati, godoro limefungwa kamba, mzazi ameshika beseni. Pongezi humiminika. Na katikati ya pongezi hawakosekani watu wazima, wenye watoto wao, wanaoandika "Atakiona cha mtema kuni" au "Mono huyo, ngoja apimishwe bweni!" kisha wenzao wanaangua vicheko. Mono ni mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza. Mimi nimeamua kusema: hakuna cha kuchekesha hapo. Tunampongeza mtoto kwa kwenda mahali tunapojua atateswa, na tunajua kwa sababu tuliteswa wenyewe.

Niliingia bweni miaka ya tisini nikitoka Kilifi. Usiku wa kwanza nilipewa njiti ya kiberiti nikaambiwa nipime urefu wa bweni. Unapiga magoti, unalaza njiti sakafuni, unaweka kidole, unasogeza. Ukikaribia ukuta wa pili, dada wa kidato cha tatu anakuuliza umefika ngapi. Utaje utakachotaja, amekataa, rudi mwanzo. Mwenzangu wa kitanda cha juu, msichana wa Taita, alipewa kiatu ampigie mama yake simu. Ilimbidi aseme kwa sauti kwamba amefika salama, chakula ni kizuri na dada zake wapya wanampenda. Bweni zima lilicheka. Kilio kilipomzuia kuendelea, walichukua maziwa ya unga na siagi aliyokuja nayo, wakasema ni faini. Mambo hayo hayakuisha wiki ya kwanza. Alifua sare za watu, akachota maji ya watu, akawa anajifanya mgonjwa ili alale zahanati ya shule. Muhula wa tatu hakurudi. Hesabu alizijua kuliko sisi sote.

Nikilitaja hili huambiwa: sisi tulipitia hayo hayo na tukawa watu. Waliotoka salama ndio wanaosema hivyo. Yule msichana wa Taita hayumo katika kundi letu la waliohitimu, kwa hiyo hakuna atakayemsikia akieleza kama yalimjenga.

Madhara yake ninayajua kwa sura. Mtoto anaacha kunyoosha mkono darasani, maana anayejionyesha mwerevu mchana hukumbukwa usiku. Anakojoa kitandani akiwa na miaka kumi na minne, na aibu hiyo inakuwa sababu mpya ya kumtesa. Wengine hukaza roho, na hao ndio wananitia hofu zaidi, kwa kuwa mwaka ukigeuka wanangoja mono wao. Nimewaona wasichana wapole kabisa wakishika ile njiti ya kiberiti na kumkabidhi mwingine, huku wakitumia maneno yale yale waliyoambiwa wao.

Na shule zetu zimeshiriki. Mwalimu wa zamu ni mmoja, watoto ni mamia, basi usiku madaraka yanabaki kwa viranja. Kijana wa miaka kumi na saba anapewa uwezo wa kuadhibu bila mtu wa kumuuliza. Mwanzoni mwa 2017 taifa zima lilisoma habari za Alliance, shule ambayo kila mzazi wa Kenya anaiota, kwamba wavulana wa kidato cha kwanza walikuwa wakipigwa na viranja. Mwalimu mkuu akastaafu mapema. Miaka kumi na minane kabla ya hapo, Mei 1999, wanafunzi wa shule ya upili ya Nyeri waliwafungia viranja wanne katika vyumba vyao na kuwachoma kwa petroli. Wote wanne walikufa. Hakuna kinachohalalisha unyama huo, lakini nani aliwaweka vijana wale wanne mbele, wabebe chuki ya wenzao badala ya walimu?

Sisemi huku ni peponi. Kaskazini mwa Minneapolis, karibu na mitaa wanakoishi Wakenya wengi, kuna wilaya ya shule iitwayo Anoka-Hennepin. Katika muda wa miaka miwili hivi, kuanzia 2009, wanafunzi kadhaa wa wilaya hiyo walijiua, na baadhi yao walikuwa wakisumbuliwa kwa kuwa wapenzi wa jinsia moja au kwa kudhaniwa hivyo. Wizara ya Sheria ya Marekani iliingilia kati, na mwaka 2012 wilaya ikabanwa na makubaliano ya mahakama. Sheria ya jimbo kuhusu uonevu shuleni ilikuwa na maneno 37 tu. Aprili 2014 Gavana Mark Dayton akatia saini sheria mpya: kila shule iwe na mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko, uchunguzi uanze ndani ya siku tatu za shule, na yanayofanywa kwa simu au intaneti yahesabiwe pia. Najua wenzetu wengi wakisikia chanzo cha sheria hiyo hugeuza uso. Nawaomba wasigeuze. Leo ndiyo inayomlinda mtoto wetu anayechekwa kwa lafudhi yake.

Nimeiona ikifanya kazi. Mimi ni muuguzi, lakini shule huniita kuwatafsiria wazazi wa Kiswahili, wengi wao Wakongomani wa Kivu. Mara moja nilikaa na mama ambaye mwanawe alikuwa amepigwa picha za video akila kwa mkono mezani, wenzake wakaitia sauti ya nguruwe na kuisambaza. Mtoto alikuwa ameacha kula shuleni. Naibu mwalimu mkuu alifungua fomu, akauliza ni siku gani. Mama akaniangalia, akasema, "Mimi nilimuambia avumiliye tu, masomo itaisha." Kijana akatoa daftari mkobani. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika kila kitu: tarehe, meza, aliyeshika simu, waliocheka. Hakuwahi kumwonyesha mtu.

Yule mama nilimwelewa sana. Sisi tuliokuja huku tumekuja na neno hilo, vumilia. Mzazi anafanya zamu mbili, amevuka bahari ili mtoto asome, basi mtoto akisema anateswa huonekana kama analeta uvivu. Sheria ipo, fomu ipo, lugha tunatafsiriwa bure, na bado watoto wetu wanaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.

Uchunguzi ulianza kesho yake. Video ikaondolewa, vijana wawili wakaadhibiwa. Adhabu gani, mama hakuambiwa, kwa kuwa sheria ya faragha inakataza kutoa habari za mtoto wa mwingine. Hilo lilimuuma. Aliniuliza, "Na mama yake iko wapi?" Alitaka kumwona mzazi mwenzake. Kwa hilo, kule nyumbani tumewashinda watu wa huku kabisa. Kwetu jambo likishafika ofisini kwa kweli, mzazi huitwa, hupanda matatu alfajiri, hukaa mbele ya mzazi wa aliyeteswa na kuomba radhi, na mtoto wake anamwona akiomba. Barua ya shule haiwezi kufanya kazi hiyo. Nimeona watoto wa huku wakipewa siku tatu za kukaa nyumbani, wakazimalizia kwenye michezo ya kompyuta.

Simu nayo ina mambo mawili. Mtoto wa Minnesota hupelekewa matusi hadi kitandani. Anaweza kuwa chumba cha pili na mama yake huku anasagwa na kundi zima, na mama anadhani anafanya kazi ya shule. Jimbo limezitaka shule zote ziwe na kanuni za simu kufikia Machi 2025, lakini kanuni za shule haziingii chumbani usiku. Mtoto wa bweni kule Kenya hana simu kabisa. Akitaka kumwambia mama yake, atumie ya mwalimu, mwalimu akiwa amesimama pale pale. Kati ya hawa wawili nampa nafasi zaidi wa Minnesota, kwa sababu jioni anarudi mahali ambapo mtu mzima anaweza kumtazama usoni.

Kenya haikosi sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa miezi sita. Tunachokosa ni karatasi. Malalamiko yakiandikwa, yakiwa na tarehe na jina la mwalimu aliyeyapokea, hayawezi kuzimwa kwa "tumeongea nao". Hilo halihitaji pesa za Marekani. Daftari la kurasa mia mbili linatosha.

Na sasa kuna mwanya ambao hatukuwahi kuupata. Kwa kuwa mtaala wa Kenya umebadilika, kidato cha kwanza cha mwisho kiliingia 2024. Mwaka 2025 hakuna mono aliyeingia, na kuanzia 2026 wanaoingia ni wa Gredi ya 10, darasa la kwanza la sekondari ya juu. Kundi la 2024 ndilo la mwisho lililopokewa kama mono, na kwa mwaka mzima halikuwa na mdogo wa kulipizia. Mnyororo umelegea wenyewe. Bodi za shule zikiacha viranja wa zamani wawapokee Gredi ya 10 kwa njiti na viatu, zitakuwa zimeufunga upya kwa mikono yao.

Mpwa wangu ni mmoja wa hao wa Gredi ya 10. Nilimpa mama yake, dada yangu, maswali matatu ya kumuuliza mwalimu mkuu siku ya kuripoti: mtoto akiteswa amwendee mwalimu gani kwa jina, lalamiko linaandikwa wapi, na usiku ni mtu mzima gani analala karibu na bweni. La kwanza na la pili yalijibiwa pale pale, kwa heshima. La tatu aliambiwa atajulishwa. Nimemwomba dada alidai jibu hilo kwa maandishi kabla ya kulipa karo ya muhula wa pili, na nimeyatuma maswali hayo matatu katika kila kundi la WhatsApp nililomo, chini ya zile picha za masanduku.