Gavana wa Zamani Katika Kiti cha Spika wa Seneti

Tangu Seneti ya Kenya irejee mwaka 2013, imeongozwa na maspika watatu. Ekwee Ethuro aliingia akitoka ubunge wa Turkana ya Kati. Waliomfuata, Kenneth Lusaka na Amason Kingi, walikuwa magavana wa Bungoma na Kilifi. Seneti ya kwanza ya 1963, chini ya Timothy Chokwe, haikuwa na swali linaloulizwa leo: je, aliyekuwa gavana anafaa kuongoza kikao cha kuamua kama gavana mwingine atimuliwe?

Wanaomtetea wana hoja nzito. Kifungu cha 110 cha Katiba kinawataka maspika wa mabunge yote mawili wakubaliane, kabla mswada haujajadiliwa, kama unahusu kaunti. Mwaka 2013 Bunge la Kitaifa lilitenga shilingi bilioni 210 kwa kaunti, Seneti ikapandisha hadi 258. Bunge la Kitaifa likadai Seneti haina nafasi katika mswada huo, na ukatiwa sahihi bila mchango wake. Ethuro alikwenda Mahakama ya Juu, nayo Novemba mwaka huo ikasema Seneti ilipaswa kushirikishwa. Gavana wa zamani aliyewahi kukosa pesa za kuwalipa wauguzi kwa sababu Hazina imechelewesha fedha hayumbishwi kirahisi katika mvutano wa namna hiyo.

Upande wa pili unatazama kesi zenyewe. Thuluthi mbili za wawakilishi wadi katika bunge la kaunti wakipitisha hoja ya kumwondoa gavana, spika wao humjulisha Spika wa Seneti katika siku 2, naye huitisha kikao katika siku 7. Seneti huamua kama itasikiliza yenyewe au iteue kamati ya watu 11. Hatua hii ina matokeo makubwa: kamati ikisema mashtaka hayakuthibitishwa, kesi inaishia hapo, kama ilivyokuwa kwa Anne Waiguru mwaka 2020. Ferdinand Waititu na Mike Sonko, waliosikilizwa na Seneti nzima mwaka huohuo, walitimuliwa.

Uamuzi huo ni wa maseneta. Spika hana kura, na kura zikilingana hoja imeanguka. Kinachobaki mikononi mwake ni uendeshaji: ushahidi upi upokewe, wakili apewe dakika ngapi, ombi la kuahirisha lishughulikiwe vipi. Si mamlaka madogo. Oktoba 2024, Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu wa Rais, alipolazwa hospitalini siku aliyotarajiwa kujitetea, maseneta walikataa kuahirisha, na usiku huo akapatikana na hatia katika mashtaka 5 kati ya 11.

Kwa maoni yangu, wakosoaji wanatazama nyuma mahali pa kutazama mbele. Lusaka alishindwa ugavana 2017, akawa Spika, akasimamia kesi za Waititu na Sonko, kisha 2022 akarudi Bungoma kuwa gavana. Hilo halidhihirishi kwamba alipendelea yeyote, ila mtu anayetaka kiti cha ugavana ana maslahi katika ugumu au ulegevu wa kanuni za kumng'oa gavana. Kingi alimaliza mihula miwili Kilifi, na Katiba haimruhusu wa tatu. Kwa kipimo hiki, shaka juu yake ni ndogo, ingawa wote wawili ni magavana wa zamani.

Shinikizo jingine linatoka kwa vyama. Mei 2020 Naibu Spika Kithure Kindiki aliondolewa kwa kura 54, zaidi ya thuluthi mbili zinazohitajika, kwa madai ya kutotii chama. Uendeshaji wake wa vikao haukuwa shtaka. Spika naye huondolewa kwa kiwango hichohicho cha kura, kwa hiyo muungano wenye maseneta 45 unaweza kumtisha, awe amewahi kuwa gavana au la.

Ningependekeza Spika anayetaka ugavana ampishe naibu wake kesi za magavana zinapofika. Tatizo ni kwamba naibu ni seneta, na anayeongoza kikao hana kura. Kumwondoa gavana kunahitaji kura za kaunti 24 kati ya 47, kila kaunti ikiwa na kura moja inayopigwa na seneta wake wa kuchaguliwa au mwenzake wa ujumbe wa kaunti hiyo aliyempa idhini. Naibu akiwa ndiye seneta pekee wa kaunti yake, kura ya kaunti hiyo inapotea, na kuikosa ni sawa na kumpigia gavana kura ya kubaki.