Kabla hujaomba doria zaidi, mheshimiwa

Juzi asubuhi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya gunia la dagaa, redio ndogo iko sikioni. Bunge linaendelea. Mbunge mmoja, jina sikulidaka, anaitaka serikali iongeze doria ziwani ili kokoro, zile nyavu haramu za kukokota, zikomeshwe. Meza zikagongwa. Mzee akazima redio. "Waongeze tu," akasema. "Ila na hao wa doria, nani atawachungulia?"

Nikakumbuka 2013.

Mwaka ule tembo walikuwa wanakwisha, hilo halina ubishi. Oktoba serikali ikaanzisha Operesheni Tokomeza: wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori wakaingia porini kusaka majangili. Muda si muda vilio vikafika Dodoma, na mwanzoni mwa Novemba operesheni ikasitishwa. Uchunguzi ukapewa Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, mwenyekiti wake James Lembeli, wakati huo mbunge wa Kahama, jirani zetu hapo kusini.

Sasa fikiria. Mwenyekiti wa kamati ya maliasili angeweza kusema tembo kwanza, mengine baadaye, na makofi angepata. Kamati yake ikarudi na habari za watu waliouawa, walioteswa, na ng'ombe waliopigwa risasi. Desemba 20 Bunge likachemka. Kagasheki wa Maliasili, naye mtu wa ziwa, wakati huo mbunge wa Bukoba Mjini, akatangaza kujiuzulu humohumo ukumbini. Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Nahodha wa Ulinzi, Nchimbi wa Mambo ya Ndani na Mathayo wa Mifugo na Uvuvi.

Watu wanakumbuka mawaziri wanne kuanguka. Mimi kilichonikaa kichwani ni kwamba kamati ya mazingira ilimfikia waziri wa ulinzi.

Kwa kawaida hawakutani hao. Ulinzi una kamati yake pamoja na mambo ya nje na usalama, mazingira yana yake, bajeti zinasomwa siku tofauti. Boti ya doria yenye bunduki, inayokamata samaki wachanga, iko chini ya macho ya nani hasa? Nusu ya ziwa hili ni yetu, na kila mtu anayevua anajua jibu la swali hilo: inategemea umemkuta nani siku hiyo.

Binamu yangu alichomewa nyavu mwaloni mbele yangu. Matundu yake yalikuwa ya inchi 7, yanayoruhusiwa, na risiti ya dukani alikuwa nayo mfukoni, imelowa lakini inasomeka. Hakuna aliyetoa rula. Hakupewa hata karatasi ya kuonyesha kilichochukuliwa. Nyavu za nailoni zikiungua hazitoi majivu. Zinayeyuka, zinaacha donge jeusi linalong'aa kama lami.

Sisemi doria ziondolewe. Wavuvi wanaporwa injini usiku na kurudi kwa kasia, na sangara wa chini ya sentimita 50 bado wanauzwa vichochoroni (nimeshawahi kula, sijivunii). Tunataka ulinzi kuliko mtu yeyote anayeuhubiri akiwa Dodoma.

Ila Ibara ya 63 ya Katiba imelikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia serikali, na kusimamia huanza na maswali ya kuchosha. Nyavu ngapi zilichomwa mwaka jana? Ngapi zilipimwa kwanza? Nani alisaini? Hayo hayagongewi meza. Mbunge anayeyauliza bajeti ya uvuvi ikisomwa, akayarudia ya ulinzi ikifika, huyo nitampa kura yangu bila kuombwa fulana wala kofia.

Akitaka ushahidi, lile donge lipo. Binamu yangu analitumia kuzuia mlango wa banda usipigwe na upepo.