Jozani: njia ndefu kwa faida ya nani?

Mgeni anayekwenda msitu wa Jozani, Unguja, hutembea kidogo kuliko alivyotarajia. Hushuka kwenye gari kandokando ya barabara ya kusini, kiasi cha kilomita 35 kutoka Mji wa Zanzibar, akakata tiketi, akapewa mtembeza wageni, akazunguka chini ya mitondoo na michikichi kwa muda usiozidi saa moja. Huvuka barabara kuwaangalia kima punju, kisha hupelekwa kijiji cha Pete kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Basi. Wakati wa chakula cha mchana ameshafika pwani ya Paje. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50, na sehemu kubwa ya eneo hilo mgeni huyu haioni hata kwa mbali.

Hapo ndipo inapozaliwa hoja ya njia ndefu. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023, na Jozani ni miongoni mwa vituo vichache vya nchi kavu ambavyo karibu kila mwenye kampuni ya matembezi anavitia katika ratiba yake. Ikiwa watu wote hao wanabanwa kwenye vipande viwili vitatu vya njia, kwa nini isifunguliwe njia ya saa tatu au nne, ipite maweni, yaani kwenye ardhi ya mawe yenye udongo haba, na kutokea kwenye ghuba? Kwa wasikilizaji wengi jibu huwa jepesi: ifunguliwe. Mimi naona jibu linategemea njia hiyo inaanzia wapi, na hilo ndilo swali ambalo halipewi nafasi.

Tuanze na wanaopinga, maana hoja zao ni nzito kuliko wanavyopewa haki. Jozani ni msitu unaosimama juu ya maji. Maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso, na masika yakikolea sehemu za msitu hufurika. Njia ya miguu katika udongo wa namna hiyo haikai na upana wake. Mtu wa kwanza anakanyaga tope, wa pili analikwepa kwa kupita pembeni, wa tatu anakwepa pale alipopita wa pili, na baada ya misimu michache njia ya mtu mmoja imekuwa uwanja usio na mche hata mmoja. Mikokoni ni vibaya zaidi. Mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inayochomoza juu ya tope ndiyo inayovuta hewa, na ikikanyagwa kila siku mti hudhoofika. Daraja la Pete lilitatua tatizo hilo kwa kumnyanyua mgeni juu ya tope lenyewe, maji yakajaa na kupwa chini yake bila kujali. Lakini mbao zilizo juu ya maji ya chumvi huoza, na kila mita ya daraja inayoongezwa ni mita ya kukarabatiwa mwaka hadi mwaka. Fedha za kujenga hupatikana kwa wafadhili. Za kukarabati hutafutwa kwa tochi.

Kisha wapo wanyama wenyewe. Kima punju hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Sensa kubwa iliyochapishwa miaka michache iliyopita ilihesabu zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko iliyokuwa ikidhaniwa, ila bado wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Makundi yaliyo karibu na lango yameshazoea watu kiasi kwamba mgeni anaweza kusimama hatua chache tu kutoka kwao. Mazoea hayo ndiyo biashara ya Jozani, na pia ndiyo udhaifu wake: mnyama asiyeogopa watu haogopi simu inayosogezwa usoni, wala kikohozi cha aliye nyuma ya simu hiyo, wala gari. Barabarani iliwabidi wahusika kuweka matuta ili kupunguza vifo vya kima. Vifo vimepungua, havijakoma. Mpinzani wa njia ndefu anauliza: kwa nini tuyazoeshe watu makundi mengine yaliyoko ndani, ambayo hadi leo yanamwona binadamu na kukimbia?

Na kuna paa nunga. Huyu ni mdogo, mwoga, na nje ya Unguja anajulikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya, kama Arabuko-Sokoke na Boni-Dodori. Adui yake mkubwa, ukiacha kukatwa kwa vichaka anamojificha, ni mwindaji mwenye mbwa. Njia iliyofyekwa kwa ajili ya mtalii mchana haifungwi kwa kufuli usiku. Anayetaka kuni, makaa au nyama naye ataipita.

Hoja hii ya mwisho ina upande wa pili, na hapa ndipo ninapoanza kuwaacha wapinzani. Njia za kuingilia msitu kutoka upande wa mashariki zipo tayari. Watu wa vijiji vya Charawe na Ukongoroni wamezipita tangu kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 2004: kwenda kukata kuni, kulima maweni, kuchoma makaa, kushuka ghubani kuvua na kutazama mwani. Mwindaji hana haja ya kungoja ramani ya utalii. Kinachokosekana kwenye njia hizo ni jicho la mtu mwenye sababu ya kutaka paa awe hai, na mtembeza wageni wa kijijini anayepita asubuhi na kundi la watu wanne ni jicho la namna hiyo. Sisemi anatosha kuchukua nafasi ya askari wa doria. Nasema ni bora kuliko njia tupu.

Turudi kwenye fedha, kwa kuwa huko ndiko uamuzi wangu unakoegemea. Sehemu ya mapato ya hifadhi hurudi vijijini, na mpango huo ni wa kupigiwa mfano ukilinganisha na maeneo mengi yaliyohifadhiwa huku wenyeji wakiambulia ubao wa katazo. Lakini mgeni anapotembea ndipo anapotoa bahashishi, anaponunua dafu, anapokodi baiskeli, anapomuulizia kijana jina la mti na kijana akapata kazi. Na mgeni anatembea Pete na Jozani. Wanaozuiwa kukata mti ni vijiji vyote vinavyopakana na hifadhi. Wanaomwona mgeni uso kwa uso ni vichache. Mtu wa Ukongoroni amebeba sehemu yake ya gharama ya uhifadhi, maana ardhi yake ni mawe matupu yenye udongo wa kuokoteza, na kuni zilikuwa ndiyo hazina yake. Anachopata ni mgao unaopita kwenye mikono kadhaa kabla ya kufika.

Hata wakulima walio karibu na lango wana malalamiko yao, japo hapa ukweli una utundu. Kwa miaka mingi wamelalamika kwamba kima punju hula nazi changa. Watafiti walipokwenda kuhesabu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba minazi iliyoliwa zaidi na kima haikuwa na mavuno madogo. Ilikuwa kinyume chake, inaelekea kwa sababu kupunguzwa kwa nazi changa huzipa zilizobaki nafasi ya kukua. Mkulima akisoma hayo hacheki. Anaona mnyama mtini na nazi chini. Ndiyo maana naamini kwamba uhifadhi unaomfikia mtu kwa mkono, kama kipato cha siku, humshawishi kuliko unaomfikia kwa jedwali.

Kwa hiyo nakubali njia ndefu, lakini siyo ile inayochorwa mara nyingi, ya kuanzia langoni na kupasua msitu wa miti mirefu hadi ghubani. Hiyo ingekusanya madhara yote yaliyotajwa na kuacha fedha palepale zilipo. Msitu wa miti mirefu na ubakie na mzunguko wake mfupi. Kuna hekima katika kukubali kwamba kipande kidogo kitakanyagwa ili kikubwa kipumzike, na tukumbuke kwamba kipande hicho chenyewe kimeshaguswa tangu zamani: Jozani iliwahi kuwa na kinu cha kupasulia mbao, na baadhi ya mitondoo inayopigwa picha leo ilipandwa na mkono wa mtu. Njia ndefu ianzie Charawe na Ukongoroni, ifuate mapito yaliyopo ya maweni hadi ukingo wa mikoko ya Chwaka, ambayo ndiyo mikubwa kuliko yote Unguja, na isiingie makazi ya makundi ya kima ambayo hayajazoea watu. Masika ifungwe.

Watakaonipinga wana silaha moja ambayo siwezi kuikwepa: nani ataitembea? Mtalii wa Unguja hutoka hotelini saa tatu asubuhi na anataka kuwa baharini kabla ya saa nane. Maweni hayana kivuli cha kutosha, hayana maji, mawe yake yanakata soli ya kiatu, na mtu akiteguka kifundo cha mguu huko kumtoa ni kazi. Njia hiyo haitapata hata sehemu ndogo ya umati wa langoni. Wengine hutoa mfano wa Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa Mji kilichohifadhiwa rasmi tangu 1994, ambako wageni ni wachache, hulala katika vibanda 7, hutembea msituni na askari wa hifadhi tu, na bei yao inalipia uhifadhi pamoja na ziara za wanafunzi. Mfano mzuri, lakini Chumbe hakuna kijiji. Hakuna mtu wa kumwambia asikate kuni karibu na nyumba yake. Bei ya juu na wageni wachache ni rahisi pale ambapo hakuna majirani elfu kadhaa wanaosubiri mgao.

Hata hivyo uchache wa watembeaji mimi sioni kama kasoro. Watu wanne kwa siku, wanaolipa kijijini na kula kijijini, ni kitu kikubwa kwa Charawe na kitu kisichoonekana kwa msitu. Ugumu uko kwenye karatasi: tiketi ya hifadhi inakatwa lango moja, kwa utaratibu mmoja wa serikali, na mgeni anayeanzia mashariki leo atalazimika kupitia kwanza magharibi kulipa. Kabla ya mtu yeyote kununua panga la kufyekea njia, kamati za vijiji na wenye hifadhi wakae waamue kama Charawe itakuwa na kitabu chake cha risiti, na nani atakikagua.